Guruguru wa kwenye kichuguu: jibu kwa mwalimu wa Nanyamba

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nanyamba, Mtwara. Siku tisa zilizopita vijana waliokuwa wanasafisha chini ya mikorosho ya baba walibomoa kichuguu wakatoka na mjusi mkubwa wa kahawia, wanamwita guruguru. Walitaka kumpiga panga, nikawazuia, nikaja naye nyumbani. Nimemweka sebuleni kwenye beseni kubwa la plastiki, karibu na dirisha la kioo ili apate jua. Nampa mchicha, wali, na panzi wanaoletwa na wanafunzi. Panzi anakula, vingine hagusi. Mama anasema nimeleta mkosi ndani ya nyumba, na kwamba huenda ana sumu. Jirani anasema ni kenge mtoto. Mimi nimempenda na nataka kumfuga vizuri, lakini sijawahi kufuga hata kuku. Nianzie wapi? Na nitajuaje kama ni dume au jike? Wanafunzi wanataka kumpa jina. Picha nimeambatanisha.*

Marahaba, mwalimu. Umeuliza uanzie wapi. Anzia kwenye beseni: liondoe dirishani sasa hivi, liweke penye kivuli, kisha rudi tuendelee.

Nina sababu ya kukuharakisha. Guruguru wangu wa kwanza nilimuua mwenyewe, tena kwa jua. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro, daktari wa mifugo kijana, kichwa kimejaa magonjwa ya ng'ombe. Hapa Lindi nikaletewa guruguru aliyekatwa mkia na jembe. Nikamtia kwenye tangi la kioo lililokuwa la samaki, nikalitoa uani saa nne asubuhi apate jua kidogo, nikaingia ndani kunywa chai. Chai ikakutana na mgeni, mgeni akakutana na maneno. Nilipotoka nilimkuta mdomo wazi, amekakamaa. Mle ndani hapakuwa na kivuli hata cha kiganja.

Mjusi hatoi jasho, wala hana moto wa ndani kama wetu. Joto la mwili wake ni la mahali alipo, na dawa yake ya joto na ya baridi ni moja tu: miguu. Akipoa anajisogeza juani, akishapata anarudi shimoni, na ndivyo anavyoshinda mchana kutwa. Tangi langu lilimpa jua likamnyima pa kulikimbia. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokuandikia ni matawi yake. Kila unachomjengea, jiulize kama kimemwachia achague.

Dirisha la kioo lina kosa la pili, na hili linakwenda kinyume na la kwanza. Joto la jua linapita, lakini sehemu ya mionzi ya urujuanimno inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D inazuiwa na kioo karibu yote. Bila vitamini hiyo, kalsiamu ya kwenye chakula inapita tumboni na kutoka ilivyoingia, na mwili unaanza kuibomoa mifupa ili upate ya kutumia. Kwa hiyo mjusi wa dirishani anaweza kuchomwa na jua na wakati huohuo akaugua kwa kulikosa. Siku tisa hazijamdhuru. Miezi kadhaa ingemlegeza taya mpaka ashindwe kutafuna huyo panzi.

Sasa tumjue ni nani. Picha yako inatosha: huyo si kenge. Kenge ana shingo ndefu, magamba madogo kama shanga, na ulimi mrefu wenye ncha mbili kama wa nyoka, anautoa na kuurudisha kila mara. Wako kichwa kimeungana na mwili bila shingo ya maana, magamba yake ni ya mraba, yamepangwa safu kwa safu kama vigae, na ubavuni ana mkunjo wa ngozi laini unaokwenda mpaka karibu na mguu wa nyuma. Mkunjo huo ndio kitambulisho. Chini ya magamba kuna vibamba vya mfupa, kwa hiyo mwili wake ni kama umevaa deraya isiyotanuka, na bila mkunjo asingepata nafasi ya kuvuta pumzi, kushiba, wala jike kubeba mayai. Kitaalamu anaitwa Broadleysaurus major. Vitabu vya zamani vitakuandikia Gerrhosaurus major, ni huyohuyo. Anapatikana Afrika Magharibi mpaka Sudani, na huku mashariki anashuka hadi Afrika Kusini. Mtu mzima hufika karibu nusu mita ukipima na mkia. Nimekuwekea alama nyingi hivi kwa kuwa neno guruguru watu wetu hulitumia kwa mijusi zaidi ya mmoja.

Mwambie mama, kwa heshima zake, kwamba guruguru hana sumu, si ya meno, si ya mate, si ya mkia. Kuuma anauma, kwa sababu taya zake zimezoea kuvunja mbawakawa na konokono, na kidole chako hakina ganda. Mkosi sina kipimo chake maabara. Ila kuna jambo moja ambalo mama ana haki ya kulidai ndani ya nyumba yake: mijusi wengi hubeba bakteria wa salmonela matumboni bila wao kuumwa, na sisi tukiwapata tunaharisha vibaya. Nawa kwa sabuni kila ukimshika, na beseni lake lisioshwe jikoni. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wagonjwa wasimshike kabisa. Wanafunzi wako wamtazame, wamchore, wamhesabie panzi, lakini kumpitisha mkono kwa mkono darasa zima, hapana. Yeye mwenyewe hilo linamtesa.

Kisha sheria, na hapa sitazunguka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mtu anayekamata au kumiliki mnyamapori, na mnyamapori si tembo na simba peke yao. Ulimwokoa na panga, sikulaumu hata kidogo, ila siku zikizidi kuongezeka uokoaji unageuka kuwa umiliki. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yenu wiki hii, mweleze ulivyompata, mwonyeshe picha. Yeye ndiye atakayekuelekeza TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, kama unataka kuomba kumfuga. Ukienda mwenyewe mapema unasikilizwa kama mwalimu. Ukisubiri wakusikie kwa watu, sijui utasikilizwa kama nani.

Kuna watu watakaokuambia kwamba mjusi ni mjusi tu, nani anajali. Waambie habari za mjusi wa bluu wa msitu wa Kimboza, kule Morogoro. Ni mdogo, hazidi kidole, anaishi kwenye miti ya mikadi ya misitu michache ya mkoa huo na hapatikani kwingine duniani. Wafugaji wa ng'ambo walimtamani kwa rangi yake, wakamataji wakawa wanaikata mikadi yenyewe ili kumfikia. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na tangu 2017 mjusi huyo yuko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, pamoja na wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imefungwa. Akitokea mtu na begi lake anakuuliza guruguru unamuuza kiasi gani, jibu lako liwe fupi.

Maoni yangu? Ningekuwa mimi ningemrudisha. Nitakueleza namna, mwishoni. Lakini kibali kinaweza kuchukua siku, au afisa akakuambia ukae naye kwa muda, au ukaja kupewa ruhusa kamili, na katika hali zote tatu mjusi anahitaji kuishi sawasawa kuanzia kesho. Tena nikubali kitu kimoja: kama mtu hajawahi kufuga mjusi na lazima aanze na mmoja, guruguru ni mwanzo mzuri. Anakula vingi, anavumilia makosa madogo, na baada ya muda anazoea sura ya anayemlisha. Kinyonga, ambaye kila mtu anamtamani kwa sababu hakimbii, hufa mikononi mwa wageni wa kazi hii kimyakimya, hata hujui umekosea nini. Kenge ndiyo kabisa: leo ni wa sentimita 30, baada ya miaka michache amekupita urefu na anakuangalia kuku wako.

Uko Mtwara, na hiyo ni bahati. Wenzetu wa Ulaya wanaofuga mjusi huyuhuyu hununua taa ya joto, na taa nyingine ya urujuanimno ambayo hubadilishwa kila baada ya muda hata kama bado inawaka, na wanalipia umeme wa zote mbili mchana kutwa. Wewe hayo unayo bure ukitoka mlangoni. Unachohitaji ni banda la nje.

Kwa guruguru mmoja mkubwa usishuke chini ya mita 2 kwa mita 1, na ukiweza kuongeza, ongeza. Lielekee mashariki ili jua la asubuhi limpate mapema. Ukuta uwe wa matofali, nusu mita kwenda juu inatosha kama juu kuna mfuniko, lakini msingi nao ushuke nusu mita ardhini, kwa sababu huyu ni mchimbaji na kazi yake huifanya kimyakimya, siku ileile unayomsifu kwa utulivu. Mfuniko uwe fremu ya mbao na wavu wa chuma wa matundu madogo. Wavu wa kuku usitumie. Matundu yake yanapitisha nyoka, na guruguru akiingiza kichwa kwenye tundu, magamba yanamzuia kukitoa. Nusu ya mfuniko iezeke kwa makuti, nusu iache wazi. Bati, hapana. Bati la saa saba mchana wa Novemba ni tanuri.

Ndani tandika udongo wa kina cha sentimita 40, mchanga uliochanganywa na udongo wa kile kichuguu kilichobomolewa. Upande wa kivuli umwagie maji mara moja kwa wiki, ili chini pabaki na unyevu na shimo lake lisiporomoke. Tafuta chungu cha udongo kikuukuu, kilichopasuka ni kizuri zaidi, ukizike ubavu chini ya makuti mdomo ukiwa wazi. Chungu hicho ndicho chumba chake cha kulala. Upande wa wazi weka jiwe bapa. Nunua vipimajoto viwili vya bei nafuu, kimoja kiwe kwenye jiwe, kingine mlangoni mwa chungu. Saa tano asubuhi jiwe likisoma nyuzi 40 usishtuke, hapo ndipo anapopikia chakula tumboni, mradi kwenye chungu ni nyuzi 30 au chini yake. Kiganja chako hakiwezi kukupa namba hizo. Nimewaona watu wazima wakibishana juu ya jiwe moja, mmoja anasema la moto, mwingine anasema vuguvugu.

Maji yawe kwenye bakuli la udongo, pana na la kina kifupi, yabadilishwe kila siku.

Mtu atakutisha na wezi, mwingine na nyoka. Mimi nakutisha na siafu. Mnyama wa porini akiwasikia siafu anahama, lakini wa bandani hana pa kuhamia, na tunarudi palepale kwenye tangi langu la kioo. Nimewahi kuitwa alfajiri kutazama banda la vifaranga lililopitiwa na siafu usiku, sitaki nikusimulie. Mvua za kwanza zikinyesha, zunguka banda na tochi kabla ya kulala, majani yasiguse ukuta, na mstari wa majivu uwe mpana. Ukiona msafara unaelekea huko, usipambane nao. Mtoe mjusi, mwingize kwenye beseni lako la zamani, mlete ndani, mama atanisamehe.

Tuje kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu kwa nia njema.

Guruguru anakula wadudu na mimea, wadudu wakiwa wengi zaidi. Panzi wa wanafunzi wako ni chakula safi kuliko chochote cha dukani, kwa sharti moja: wametoka wapi? Barua yako imenifikia mwezi huu wa Septemba. Mikorosho imetoka kupuliziwa salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na mashamba mengine yamepigwa dawa za wadudu juu yake. Panzi aliyekula jani lenye dawa hafi papo hapo; anaruka, anakamatwa, analiwa, na sumu inahamia kwa mjusi. Waambie watoto wakamate kwenye nyasi za kiwanja cha mpira au pembeni mwa barabara ya ndani, mbali na mashamba yaliyopuliziwa. Mende wa ndani ya nyumba wasiletwe kabisa, hujui jirani amewapulizia nini. Konokono anawapenda sana, ila nao wachague kutoka pasipo na sumu ya panya wala dawa ya bustani. Kumbikumbi wakitoka na mvua ya kwanza mpe wachache afurahi, wana mafuta mengi. Na kama kuna mfugaji wa kuku karibu nawe anayezalisha wale funza wa nzi mweusi kwa ajili ya chakula cha kuku, muombe kikombe kimoja kwa wiki. Funza hao wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi wengine.

Maana tatizo la panzi ni hilo: fosforasi yake ni nyingi mno kuliko kalsiamu, na mjusi anataka kinyume chake, kalsiamu iwe karibu mara mbili. Huko Ulaya wanauziwa unga maalumu kwenye makopo. Wewe una pwani. Shuka Mikindani au Msimbati, tembea pale bahari inapoacha takataka zake, utaokota ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule jamaa wa ngisi, unaokwaruzika kwa kucha. Uloweke maji baridi siku mbili ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uanike, uusage. Kabla ya kumpa panzi, watie kwenye mfuko wenye kijiko cha unga huo, utikise, wawe kama wamepakwa poda. Kwa siku zisizo na mfupa wa dome, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa laini yanatosha. Ninachokuomba usikosee ni chokaa: chokaa ya kupaka ukuta si ya mfugo yeyote, inaunguza tumbo.

Kwa upande wa mimea, mpe papai bivu, embe, boga lililochemshwa, majani machanga ya maboga au ya kunde yaliyokatwakatwa. Mchicha si sumu, lakini una kitu kinachoikamata kalsiamu isitumike, kwa hiyo mara mojamoja tu. Wali hauna cha kumsaidia. Kisamvu kibichi usithubutu, sisi wenyewe tunakitwanga na kukichemsha kwa sababu. Parachichi nalo liache. Na kwa kuwa mnaingia msimu wa korosho, nakujua mtaulizana kuhusu bibo: kipande kidogo cha tunda peke yake hakina neno, lakini korosho yenyewe isikaribie banda, mafuta ya ganda lake yanababua ngozi ya mtu, sembuse mdomo wa mjusi.

Mlishe mara tatu kwa wiki, saa nne hivi asubuhi, akishaota jua. Mjusi aliyepoa hameng'enyi chakula, kinamwozea tumboni. Kiasi gani? Tazama shina la mkia. Hapo ndipo anapoweka akiba yake ya mafuta. Likiwa nene na la mviringo ameshiba maisha. Likianza kuonyesha mfupa pembeni, kuna tatizo. Mpime kwa mzani wa jikoni kila Jumamosi na uandike kwenye daftari. Wewe ni mwalimu, daftari halikushindi, na wanafunzi wa darasa la tano wanaweza kuchora grafu ya uzito wake kwa muhula mzima.

Wiki mbili za kwanza bandani atajificha. Mwache. Usimchimbue kumwonyesha mgeni. Akijibana kwenye ufa huvuta pumzi akajijaza, na ukimvuta unaweza kumvunja mguu kabla hajatoka. Mkia ndiyo kabisa usiushike, anaweza kuukata akuachie mkononi, na ukiota tena hauwi kama wa kwanza. Ukilazimika kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga, mwili wote ukiwa umelala kwenye mikono yako.

Mchunguze kwapani, nyuma ya masikio na kwenye ule mkunjo wa ubavu. Mijusi wa porini hupenda kuwa na kupe huko. Watoe kwa kibano mmoja mmoja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata tone moja, hapana. Nimeletewa kobe na mijusi waliopakwa dawa hiyo na watu waliowapenda, na sikuwa na la kufanya. Choo chake kizuri kina sehemu nyeusi iliyoshikana na sehemu nyeupe. Kikiwa majimaji kwa siku tatu, kitie kwenye kichupa safi umpelekee daktari wa mifugo wa wilaya akipime minyoo. Ukiona miguu inatetemeka, taya limelainika au mkia umepinda, usisubiri barua nyingine kutoka kwangu. Kati ya Juni na Agosti, kusi likivuma, atapunguza kula na pengine kukaa chini siku kadhaa. Hilo si ugonjwa, anajua hali ya hewa kuliko redio.

Mwalimu mwenzako mmoja wa zamani aliniuliza kama mijusi ya leo ni watoto wa yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria. Nalileta hapa kwa sababu wanafunzi wako watakuuliza. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kwenye kilima hicho, hapa mkoani Lindi, na wapagazi wetu wakabeba mifupa kwa vichwa na mabega siku kadhaa za mwendo mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Mifupa mikubwa kuliko yote imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Sisi tunamwita mjusi, lakini kiukoo hakuwa mjusi. Ndugu zake wa karibu zaidi walio hai leo ni ndege. Hao kuku ambao hujawahi kuwafuga wako karibu naye kuliko guruguru wako.

Jambo moja zaidi kabla hatujafika kwenye jina. Guruguru anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 na kupita. Wewe ni mtumishi wa umma. Barua ya uhamisho ikija kesho kwenda Katavi, huwezi kumtia kwenye begi ukapanda naye basi, kumsafirisha nako kunataka ruhusa. Na mama ndiye atakayebaki naye. Je, mmeshazungumza?

Sasa dume au jike. Subiri asubuhi kabla hajapata moto, anakuwa mpole. Mgeuze taratibu tumbo juu, uangalie chini ya mapaja. Utaona safu ya vitundu vidogo kwenye magamba. Kwa dume lililokomaa vitundu hivyo ni vikubwa, vimejaa kitu kama nta, vinaonekana bila miwani, na kichwa chake ni kipana. Kwa jike ni vidogo, huenda ukadhani havipo.

Ukikuta ni jike, papasa tumbo kwa ncha za vidole bila kubonyeza. Jike hutaga mayai machache tu, mara nyingi hayazidi sita, lakini ni makubwa kwa mwili wake, na huyataga ardhini mvua zikikaribia. Mvua zenu zinaanza mwishoni mwa Novemba. Ukihisi vitu vya mviringo, usimjengee banda. Mwambie afisa wanyamapori, na akikubali mrudishe wiki hiihii kwenye shamba la baba yako, si porini kwingine usikokujua, bali kichuguu kingine kilicho karibu na kile kilichobomolewa. Mpeleke saa tatu asubuhi, si jioni, awe amepata jua la kutosha kukimbia. Weka beseni ubavu karibu na tundu, rudi nyuma hatua kumi, usimsukume. Hao vijana wa panga nao waje, waone anavyoingia.

Ikiwa ni dume, una muda kidogo wa kusubiri jibu la kibali, na wanafunzi wanaweza kuendelea na mambo yao ya jina.